Ukuta Uliokunywa

Maji hayakudondoka. Amudi alikamua sponji nzima juu ya ukuta wa pango, lakini hata tone moja halikufika mchangani.

"Jiwe lina kiu, shemeji," Hiba akacheka.

Walikuwa wakitafuta michoro ya kale kwenye majabali ya Tasili, katikati ya jangwa la Sahara, ardhi ya hifadhi, isiyo na mwenyewe ila Mungu. Kuirowesha ni marufuku siku hizi, nasi tunajua. Lakini baba yake Amudi alikuwa mwongoza wageni enzi zile: mchoro ukififia anaumwagia maji, rangi zinaamka, wageni wanapiga picha, basi. Ukaidi wetu huo! Tumeurithi pamoja na ngamia.

Rangi ziliamka kweli. Likatokea jitu lenye kichwa cha mviringo, halina macho. Mdomo lilikuwa nao.

"Jifunike," Amudi akanong'ona. Kwetu mwanamume hashushi kilemba mdomoni akiwa mapangoni, maana mdomo ndio mlango wanaoingilia majini. Hiba alikuwa amekishusha ili acheke vizuri.

"Acha uoga, wewe! Aliyelichora hilo hana hata mfupa uliobaki."

Pangoni kukanuka mvua, na mbinguni hakuna wingu. Kisha wakasikia gudu, gudu, gudu, kama ngamia anayekunywa birikani, na sauti ile ilitoka kooni mwa Hiba, naye hakuwa ameshika chombo chochote.

Alipofikishwa nyumbani alikuwa ameshamaliza viriba vyote vya maji na midomo imempasuka kwa ukavu. Kella, mkewe Amudi, alimpokea kaka yake huyo wa pekee, akamnywesha maji, akamnywesha maziwa ya mbuzi, akaenda kukamua tena, na kadiri Hiba alivyokunywa ndivyo alivyozidi kusinyaa, ngozi ikigandamana na mifupa, macho yakizama, huku tumboni mwake akisikika mtu mwingine akimeza.

"Umemfanya nini ndugu yangu?" Kella aliuliza kwa sauti ya chini. "Sema, Amudi. Umemfanya nini?"

Amudi alitamani ardhi immeze.

Akaitwa Sheikh Anaba, anayewasomea Kurani wenye majini. Alipoanza tu, Hiba akafumbua kinywa na ikatoka sauti nyembamba, ya kitu kilichosahau jinsi ya kusema.

"Sitoki. Nje kukavu."

"Utatoka tu, mlaaniwa," Sheikh akasema, akafunua ukurasa mwingine wa kitabu chake.

Alisoma hadi sauti ikamkauka, akasoma kwa kunong'ona, na pumzi za Hiba zikawa zinakuja mojamoja, kila moja fupi kuliko iliyotangulia, mpaka Kella akashindwa kuvumilia, akamwangukia kaka yake kifuani.

"Mwache! Kama unataka pa kukaa, njoo kwangu!"

"Nyamaza!" Sheikh akapiga ukelele. "Ole wako, mama, umesema nini?"

Kule kumeza tumboni kukakoma. Hiba akafumbua macho, akaomba maji, akapiga funda moja tu, akasema ametosheka, alhamdulillahi. Amudi akaangua kilio cha furaha, akamkumbatia shemeji yake. Sheikh hakufurahi. Alifunga kitabu, akapanda ngamia wake bila kungoja chai, na kwetu hakuna mtu anayekataa chai.

Kella akachukua bakuli mkononi mwa kaka yake, akamalizia yaliyobaki.

"Amudi," akasema kwa upole, "kiriba kingine kiko wapi?"