Mchochea Moto wa Ukutani

Jambo moja sijalipatia jawabu mpaka leo: pepo yule alipita njia gani hata akafika Matrah, huku Omani. Wapo wasemao alikuja Unguja pamoja na Wajerumani waliojenga majumba ya ghorofa baada ya mapinduzi. Lakini Sleyum na mkewe Mahbuba walikuwa wameshaikimbia Unguja kabla Wajerumani hao hawajafika. Walikuja Omani na sanduku la nguo, na Bakhita, mtumishi aliyezaliwa nyumbani kwa kina Sleyum kama mama yake alivyozaliwa humo.

Ilianza adhuhuri ya Julai, mwaka 1966, wakati ambao watu wa Matrah hulowesha shuka na kujifunika wapate usingizi. Mahbuba aliomba blanketi.

"Blanketi? Kwa joto hili?" Sleyum alicheka. "Majirani wakisikia watakuja uwagaie hiyo baridi."

Kicheko kilimkatika alipouona mvuke ukitoka kinywani mwa mkewe.

Siku zilizofuata ikaja harufu ya makaa ya mawe, na ndani ya ukuta uliotenganisha sebule na jiko ukasikika mkwaruzo wa chuma.

"Bwana," Bakhita alinong'ona, "kuna mtu anazoa majivu humu ukutani."

"Ukuta mwembamba huu mtu atapenya wapi?"

"Mie sijui atapenya wapi. Nnamsikia tu."

Baridi ilimpanda Mahbuba kutoka nyayoni hadi magotini, kutoka magotini hadi kiunoni, na kila ilipofika nyama iligeuka ngumu kama ya samaki wa jana. Sleyum akaenda Bawshar kumleta Maalim Marhoon, aliyejua kusema na mapepo. Maalim alimfunika Mahbuba shuka nyeupe, akamwambia Bakhita ashike chetezo cha ubani, kisha akauliza lile ambalo kila pepo hulazimika kujibu.

"Jina lako nani, na mji wako wapi?"

Sauti iliyotoka chini ya shuka ilikuwa ya mwanamume, imekauka kwa moshi.

"Jina hakuwahi kuniuliza mtu. Mji wangu ni mji wa mfalme, Ujerumani. Ufalme wenyewe mdogo, ukipanda farasi asubuhi umeumaliza kabla ya magharibi. Jumba juu kilimani, mji chini, mto pembeni. Jumba la kwanza liliungua, wakajenga jengine la dhahabu, na watu wa chini wakalilipia."

"Na wewe ulikuwa nani humo?"

"Mchochea moto. Mfalme alipenda joto, hakupenda kumwona anayelileta. Basi wakatukatia njia ndani ya kuta, tukawa tunatia kuni na makaa kwa nyuma, gizani, tumeinama, na upande wa pili wanacheza muziki na kusifu vyumba vyao vilivyo na joto kama kwa miujiza, na siku moshi uliponiziba pumzi nikagonga ukuta, nikagonga, wakanisikia, wakaongeza sauti ya muziki, na kulipokucha nikatolewa pamoja na majivu."

Ukuta ulikwaruza.

"Baada ya vita vikuu mfalme akatia saini kwamba ameacha ufalme, akenda zake. Leo jumba ni makumbusho. Watu huingia kutazama vijiko vyake. Njia yetu imezibwa kwa matofali."

"Unataka nini?"

"Radhi. Mwenye nyumba aniombe radhi."

"Mwenye nyumba wako kishakufa," alisema Maalim.

"Mwenye nyumba ni huyo aliyekaa hapo."

Sleyum aliruka juu. "Mimi? Nikuombe radhi kwa ya Mjerumani? Nyumba yangu imechukuliwa! Ndugu yangu kazikwa sijui shimo gani! Na mimi nani kaniomba radhi?"

Simlaumu. Swali lake lilikuwa la haki, na hapakuwa na mtu chumbani wa kumjibu. Pepo aliugeuza uso wa Mahbuba chini ya shuka, polepole, mpaka ukamwelekea Bakhita.

"Muulize huyo, yeye nani kamuomba radhi."

Sleyum hakuuliza.

Maalim aliingiza mkono chini ya shuka, akautoa upesi kama aliyeungua. "Baridi iko kifuani. Ikiingia moyoni mtamzika. Ama radhi, ama apewe mtu mwengine wa kumpanda."

"Apewe Bakhita," alisema Sleyum, kama anayeagiza sufuria isogezwe.

"Lazima aridhie mwenyewe."

"Ataridhia. Bakhita hajapata kukataa kitu."

Hapo Mahbuba alisema kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba. "Sleyum, usifanye hivyo. Muombe radhi Bakhita. Neno tu hilo."

"Siombi!"

Bakhita aliweka chetezo chini. "Umeshaamua, bwana?"

"Nimeamua."

"Haya."

Alikaa juu ya mto wa sebuleni, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Maalim alipofungua kinywa kuanza kusoma, alimzuia kwa kiganja. "Ngoja, Maalim. Ntamwita mwenyewe."

Akainama sikioni mwa Mahbuba.

"Huyu muache. Ana majonzi tu, hana hasira za kukulisha. Njoo kwangu. Kwangu utashiba."

Mkwaruzo ukakoma. Joto la Julai likaingia chumbani kwa kishindo, na Mahbuba akaanza kutoka jasho na kulia. Sleyum alimkumbatia mkewe, akasema bila kugeuka, "Nenda jikoni, Bakhita, kapumzike."

Bakhita alipita mlango wa mbele, akauacha wazi. Jua lilikuwa kali, na wanaume waliokaa kivulini kichochoroni walijikunyata mmoja mmoja alipokuwa akiwapita, wakayavuta mashuka yao mabegani.