Madoa Kwenye Ubongo wa Nusrat

Huko Kidichi, kwa Bi Biasha, kazi ya asubuhi ni kofia. Uwanja ukishafagiwa, mama na mwanawe hukaa barazani, kila mmoja na sindano yake. Fundi hasa ni binti, Nusrat. Vitobo anavyovizungushia uzi kwenye kofia ni vidogo na vimepangana vizuri, na mabwana harusi wa mjini humfuata mpaka huko shamba.

Asubuhi moja Nusrat aliiweka kofia chini.

"Mama, jicho la kushoto nnaona ukungu."

Walikwenda hospitali ya mjini. Nusrat akapigwa picha ya ubongo kwa mashine ya MRI. Mgonjwa hulazwa na kuingizwa ndani kama mkate kwenye tanuri, ila humo hamna moto. Wakaambiwa warudi kuonana na daktari. Kabla ya siku kufika, jicho likafunguka lenyewe. Biasha akamshukuru Mungu, na hospitali akaisahau. Nani anampeleka kwa daktari mtu aliye mzima?

Hilo lilikuwa kosa, na lilikuja kuwagharimu sana.

Miezi ikapita. Miguu ya Nusrat ikaanza kuwa mizito. Mikono ikaingia ganzi. Bi Wanu, dada yake Biasha, alikuja kumtazama.

"Huyu kaingiliwa na kitu kibaya," alisema. "Tumfukize."

Kidichi majani si shida. Walichemsha mchaichai, mkaratusi na mdalasini, wakamfunika Nusrat blanketi pamoja na chungu. Alipotoka, macho yalikuwa hayaoni vizuri na miguu haina nguvu kabisa. Mwili ulipopoa, akapata nafuu kidogo.

"Umeona?" Bi Wanu alimwambia mdogo wake. "Kikipata joto kinachachamaa. Hakitaki kutoka. Tusiache."

Hawakuacha. Kila alipolegea, walizidisha majani.

Siku moja Biasha alifunua blanketi akaona mguu wa mwanawe umeegemea chungu. Ngozi ilikuwa imeshababuka. Nusrat alikuwa amekaa kimya, anafuta jasho.

"Nusrat, mguu wako!"

"Una nini, mama?"

Biasha aliingiwa na hofu ambayo hajawahi kuijua. Mtoto anaungua na hana habari. Kesho yake walikuwa hospitali.

Kidonda kilifungwa, na Nusrat akapigwa picha nyingine. Aliyewapokea baadaye alikuwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, mwanamke kijana anayeitwa Tahiya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Twambie tu."

Daktari aliwageuzia skrini. "Mishipa ya fahamu ni kama waya za umeme. Kila waya una ganda lake. Sasa kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, imekosea adui. Inashambulia lile ganda. Ugonjwa huu unaitwa MS. Hauambukizi, na hakuna aliyemfanyia uchawi. Panaposhambuliwa hubaki kovu, na kwenye picha kovu linaonekana doa jeupe."

"Na hizo alama nyekundu?" Nusrat aliuliza.

"Hizo kaweka kompyuta. Picha ya ubongo ina vipande vingi, na madoa mengine ni kama punje ya mtama. Jicho la mtu linaweza kuyapita. Programu inapitia kila kipande, inatia alama kila inapodhani pana doa. Halafu mimi nnaangalia alama moja moja. Hii hapa, kwa mfano, si doa. Huu ni mshipa wa damu tu. Kompyuta imekosea."

Akaifuta ile alama.

Biasha alisogeza kiti. "Kama imekosea hapo, daktari, basi na kwengine huenda imekosea."

"Nshayaangalia yote, mama. Yaliyobaki ni ya kweli."

"Angalia tena. Nakuomba."

Daktari hakukasirika. Alirudi mwanzo, akapita kipande kwa kipande, polepole, huku Biasha akiifuata kwa macho ncha ya kidole chake. Moyoni mama aliomba afute. Afute moja tu. Daktari alifika mwisho na hakufuta kitu.

"Kuna jambo jengine," alisema. "Programu imelinganisha picha hii na ile ya mwanzo. Haya yenye alama za manjano hayakuwepo."

Manjano yalikuwa mengi kuliko mekundu.

"Ni ule mvuke tuliomfukiza?" Biasha aliuliza.

"Hapana. Mvuke haukuleta madoa. Joto humzidishia mgonjwa wa MS dalili kwa muda, akipoa zinapungua. Ndiyo maana alikuwa akilegea. Lakini jicho lilipofunguka, ugonjwa haukuondoka. MS ina tabia hiyo, inakuja na kujificha. Tungeanza dawa wakati ule, huenda mengine yasingetokea."

"Dawa itanirudishia miguu?" Nusrat aliuliza.

"Dawa kazi yake ni kupunguza madoa mapya. Kilichokwisha kuharibika, mwili hutengeneza baadhi, na kingine hubaki. Siwezi kukudanganya."

Biasha alilia mbele ya watu bila kujali. Maji yakishamwagika hayazoleki, na aliyeyamwaga ni yeye.

Nusrat akaanza dawa. Alifundishwa mazoezi ya miguu, na kukaa pahali penye upepo. Bi Wanu aliacha majani. Sasa huja mchana kumpepea mtoto wa mdogo wake. Kofia Biasha anashona peke yake, maana vidole vya Nusrat havihisi sindano. Mabwana harusi wamekwenda kwa mafundi wengine. Zipo siku Biasha huona afadhali kusikuche.

Mwaka ulipotimia walirudi kwa picha ya tatu. Nusrat aliingia kwa fimbo. Daktari Tahiya alipitia vipande vyote kwenye skrini, kisha akawageukia.

"Kompyuta haikukuta doa jipya hata moja. Na mimi nimetafuta, sikuliona."

"Maana yake nini?" Nusrat aliuliza.

"Dawa inakusaidia. Usiiache hata ukijiona mzima. Tukiendelea hivi, inshallah utabaki ulivyo."

Nusrat alicheka. Alicheka kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kucheka tangu siku ya ule ukungu, akamshika mama yake mkono.

"Umesikia, mama? Ntabaki hivi hivi."

"Alhamdulillah," Biasha alisema, na alilisema kwa dhati. Kisha akageukia ukutani ili mwanawe asimwone uso. Msichana wa miaka ishirini na sita alikuwa akifurahia kubaki na fimbo, na mama hakuwa na furaha nyingine ya kumpa.