Mchanga Kwenye Oili

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya kwanza ya mavuno, kombaini mpya iliunguruma, ikakohoa, ikanyamaza. Injini ilikuwa imenoki. Fundi alipomwaga oili, ilitoka na mchanga laini wenye chembe nyeusi.

Inspekta alipofika karakana, mwenye mali alikuwa ameshapata mhalifu wake. Bwana Mashine, kama wakulima walivyomwita, alikuwa akilima na kuvuna mashamba ya watu tangu enzi za baba yake, kwanza pamoja na kaka yake, kisha peke yake kaka alipofariki.

"Ni dereva wangu wa zamani," alisema. "Mashine hii inajiongoza kwa setilaiti, nikamwachisha kazi. Akaapa nitajuta."

Dereva alikutwa kwake, anachonga mpini wa jembe. Hakukana.

"Niliapa, Inspekta. Hasira hasara. Lakini funguo za karakana nilirudisha. Kufuli limevunjwa?"

Halikuwa limevunjwa. Inspekta alirudi akiwa na swali moja tu: nani mwingine ana funguo?

"Mimi na shemeji yangu," alijibu Bwana Mashine. "Mjane wa kaka. Anatuoteshea miche huko nyuma. Lakini huyo ni mtu wa familia."

Inspekta aliinama, akagusa ardhi ya uani. Udongo mwekundu mtupu, unanata kama ugali mbichi. Akazunguka hadi kwenye banda la miche.

Mjane alikuwa anajaza trei. Inspekta alichota kiganja cha mchanga wake, akausugua. Ulikuwa laini, na vidole vilibaki na weusi.

"Mnauchekecha hapa, mama?"

"Hapa hapa. Tunachanganya na makapi ya mpunga yaliyochomwa." Mjane hakuinua macho. "Nilidhani utafika mapema zaidi."

Bwana Mashine, aliyemfuata Inspekta, alishika nguzo ya banda. "Shemeji, nimekukosea nini?"

"Siku ulipoileta hiyo kombaini ulipanda juu yake ukawaambia wakulima: mtu akinyanyuka kitini tu, visu vinasimama vyenyewe. Wakakupigia makofi. Mume wangu alipokuwa hai alikuomba kifuniko cha shafti ya trekta, basi. Ukamwambia mavuno hayamngoji mwoga. Shafti ikamkamata shati, ikamuua nikiona kwa macho yangu. Polisi ukawaambia alikuwa amelewa. Mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe."

Bwana Mashine alimgeukia Inspekta, sauti imeshuka. "Haya ni mambo ya ndani. Nafuta malalamiko."

"Usifute," mjane alisema. "Nishtaki. Hakimu ataniuliza kwa nini, nami nitamjibu mbele ya hao hao waliokupigia makofi. Injini utapata nyingine. Jina lako utalitengenezea karakana gani?"

Inspekta alimtazama yule mwanamke, akaelewa kwa nini hakujisumbua kuficha chochote. Mchanga ulikuwa wa kumleta polisi hapa.

"Malalamiko unaweza kufuta," alimwambia Bwana Mashine. "Maelezo ya uongo juu ya maiti hayafutiki. Utakuja nasi, uanze na hilo la ulevi."

Mjane alinawa mikono, akafunga banda. Akaingia nyuma ya gari la polisi bila kuambiwa, akajisogeza hadi dirishani ili shemeji yake apate pa kukaa.