Herufi Zilizokataliwa

"We kaka! Una wazimu?"

Hilke aliruka kando nusura aangushe simu. Mwanamume asiyemjua kabisa alikuwa amemshika kifungo cha koti, hapo hapo hadharani, katikati ya uwanja wa magari ya mitumba wa Wandsbek, Jumamosi asubuhi, wakati nusu ya Hamburg imekuja kutafuta cha kuendesha.

"Samahani dada, samahani sana!" yule kijana alisema, uso umemwiva mwekundu. "Leo nanunua lori langu la kwanza. Nikaona msafisha dohani mbele yangu, nikasema bahati imejileta yenyewe."

Hilke alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Koti jeusi, vifungo vya dhahabu safu mbili, masizi shavuni, nywele za rangi ya asali zimesukwa nyuma. Kila mtoto wa Hamburg anajua kwamba ukigusa kifungo cha msafisha dohani unapata bahati. Lakini jamani, watu huomba kwanza!

"Hilke? Hilke, nani huyo?" sauti ya baba yake ilikuwa inabweka ndani ya simu.

"Hakuna mtu, baba. Kichaa mmoja tu."

"Mwache. Wewe tafuta lori, umesikia? Lori! Pikipiki utapandishia wapi ngazi?"

"Ngazi ni za kampuni, baba. Miguu ni yangu." Akakata simu. Kisha akamgeukia yule kichaa, akamtazama kuanzia juu hadi chini: mrefu kama mlingoti, sweta la sufu la bluu, buti za mpira za njano, na harufu ya jibini ambayo haikujificha. "Lori lipi unalonunua?"

Akamwonyesha moja jeupe, linang'aa kama sahani. Hilke hakungoja maelezo. Alilala chali kwenye kokoto, koti na vifungo vyake vyote, akaingia chini ya lori hadi kiunoni, akagonga mara mbili kwa bisibisi. Vipande vya kutu vikamwagika.

"Umeoza huu mchuma," alisema kutoka chini. "Ukipakia mzigo, sakafu itabaki barabarani na wewe utaendelea na safari."

Kijana alipigwa na butwaa. Muuzaji aliyekuwa akisifia lile lori akakumbuka ana mteja mwingine upande wa pili. Ni Hilke aliyemchagulia lile la kijivu, baya la sura, zima la mifupa. Kijana akajitambulisha: Jannes Wulf, muuza jibini wa masoko ya mitaani. Akamnunulia mkate wa samaki, wakala wamesimama, na kabla hajameza tonge la mwisho akauliza:

"Na wewe? Nimeambiwa na simu yako kwamba unatafuta lori."

"Simu yangu ina umbea. Natafuta pikipiki. Ya kwanza. Na sijui chochote kuhusu pikipiki."

"Mimi najua. Sipandi, naziogopa sana, lakini kaka yangu alikuwa fundi. Nitakuchagulia."

Hivi ndivyo walivyoanza, na mimi hadi leo nashangaa: mwoga wa pikipiki akawa ndiye mshauri wa pikipiki! Jumamosi baada ya Jumamosi walizunguka, Wandsbek, Harburg, hadi Norderstedt, ndani ya lori la kijivu linalonuka jibini. Katikati ya wiki ilikuwa simu.

"Hazina yangu, nimeona moja nyeusi."

"Ya nguvu gani? Usisahau leseni yangu bado changa, siruhusiwi kila kitu."

"Ya kukutosha. Lakini kiti kiko juu. Utaning'inia kama nguo kwenye kamba."

"Unanicheka ufupi, wee muuza maziwa yaliyoganda?"

"Nakucheka, halafu nakupenda. Vyote kwa pamoja." Neno lile lilikuwa halijawahi kutamkwa kati yao.

Huko Harburg Hilke alipenda pikipiki moja nyekundu, kubwa, ya kuvutia macho. Jannes alimwambia, "Kaa kwanza. Nyayo zote mbili zikanyage chini, si vidole." Hakusikia. Alipanda, vidole vikachezea hewa, dude likaegemea, likaegemea zaidi, na puu! Likaanguka na Hilke juu yake. Jannes alipiga yowe hadi watu wakatoka dukani. Alikimbia, akamnyanyua.

"Umevunjika wapi? Sema! Umevunjika wapi?"

"Jannes, sijavunjika. Nimeaibika tu." Alimwangalia, akashtuka: lile jitu lilikuwa linalia. Hapo Hilke akajua kwamba amependwa, tena sana.

Mwisho wa Aprili wakaipata. Ya kijani kibichi, ya wastani, kiti cha chini, mlio wa taratibu. Hilke alikaa, nyayo zote mbili zikatua chini, akacheka peke yake ndani ya kofia ngumu. Jannes alitaka kumbusu, akajigonga paji la uso kwenye kioo cha kofia.

Sasa ikabaki kuisajili. Hilke yuko juu ya mapaa tangu asubuhi hadi jioni, ofisi ya usajili inafungwa mapema. Akamwandikia Jannes idhini.

"Herufi za kwenye kibao cha namba chagua wewe," alimwambia. "Mbili, na namba fupi. Usiniambie. Nishangaze."

Toba! Laiti asingesema neno hilo.

Mtu wa kule hachukui herufi hivi hivi. Baada ya HH, alama ya mji wa Hamburg, unaweka zako: jina lako na la ukoo, na mara nyingi mwaka uliozaliwa. Ukikutana na gari njiani unaweza kujua ni la nani bila kumwona dereva. Ndiyo maana Jumamosi ile, uani kwao Barmbek, baba yake, Mzee Brodersen, akiwa amesimama pembeni na kikombe cha kahawa na majirani wamejaa kwenye roshani, Jannes alipoivua pikipiki turubai, Hilke alitazama kibao kabla ya kitu kingine chochote.

HH – JH 96.

Tabasamu likamfia mdomoni.

"Ni nini hii?"

"Umependa?" Jannes alikuwa bado anachekelea.

"Jannes. Hii ni nini?"

"Ni... sisi. J ni mimi, H ni wewe."

"J, H, tisini na sita." Sauti ya Hilke ilikuwa imeshuka, na ikishuka ujue kuna hatari. "Jule Heitmann. Kazaliwa mwaka gani Jule Heitmann?"

Jannes alikigeukia kibao, akakisoma upya. Wallahi, hakuwa amefikiria! Jule Heitmann alikuwa mpenzi wake wa zamani, miaka mitatu, anauza maua meza ya pili kutoka yake sokoni. Na alizaliwa, ndiyo, mwaka tisini na sita.

"Hilke, hapana. Hapana, hapana! Ndiyo namba fupi iliyokuwa imebaki, naapa!"

"Katika namba zote za mji huu?"

"Naapa!"

"Na tangu lini wewe ukajiweka mbele yangu? Mlangoni unanipisha, mezani unanipisha, hata kwenye simu unasubiri nimalize. Leo kwenye pikipiki yangu, niliyoitafuta mimi, J inatangulia? Kwa nini hukuandika H kwanza?"

Swali lilikuwa rahisi. Jibu alikuwa nalo. Lakini alimtazama Mzee Brodersen na kikombe chake, akatazama roshani na majirani wote masikio wazi.

"Nitakwambia," alinong'ona. "Si hapa."

"Si hapa?" Hilke alikifunika kibao kwa turubai. "Kumbe kuna la kuficha! Miezi yote nimekuwa nikimtafutia Jule pikipiki! Toka, Jannes. Toka na lori lako."

Mzee Brodersen, ambaye alikuwa na hamu ya kusema jambo tangu Machi, alisema, "Nilikwambia ununue lori."

Jannes alipiga simu usiku ule, na asubuhi yake, na kila siku. Hilke aliitazama ikilia mezani hadi inyamaze. Ujumbe aliufuta bila kuusoma. Mchana alipanda mapaa, jioni alikaa uani akiitazama pikipiki yake, hawezi kuipanda. Angeipandaje? Kuzunguka mji mzima na jina la mwanamke mwingine makalioni? Alikonda. Lakini kilichomtisha si hasira. Kilichomtisha ni kwamba kila simu ilipolia moyo ulimruka kwa furaha kabla ya kukumbuka kwamba amekasirika.

Wiki ya pili akaomba ruhusa kazini, akavaa koti lake la ngozi jipya ambalo lilikuwa halijaona upepo, akaipanda kwa kinyongo hadi ofisi ya usajili. Alikuwa ameamua: herufi zing'olewe, ziwekwe zake. Hilke Brodersen. HB. Basi, na Jannes Wulf aende zake.

Kwenye dirisha alikaa mama mmoja mnene, miwani inaning'inia kwenye mnyororo, jina kifuani: Petersen.

"Moin," Hilke alisalimia. "Nataka kubadilisha herufi."

"Kutoka?"

"JH 96."

"Kwenda?"

Na hapa, msomaji wangu, sikufichi, hata mimi ningeshtuka. Hilke alifungua mdomo aseme H na B. Alikuwa ameyarudia maneno hayo njia nzima. Lakini kilichotoka kilikuwa kingine kabisa.

"H na J."

Akajisikia akisema, akashika mdomo. Kumbe moyo wake haukuwa umekubaliana na safari ile hata kidogo. Haukutaka J iondoke. Ulitaka tu kutangulia.

Bi Petersen naye aliacha kuandika. Aliweka miwani puani taratibu.

"Rudia."

"H, J."

"Makubwa! Hata wewe?" Yule mama alijipiga kifuani. "Binti, unajua umesema nini? HJ! Hitlerjugend, Vijana wa Hitler! Herufi hizo zimepigwa marufuku, huzipati hapa, huzipati Munich, huzipati popote! Mnasoma shule gani siku hizi?"

Foleni nzima ikageuka. Hilke alihisi uso unawaka moto. Kwa hakika alikuwa amesoma, kila mtu kule amesoma, tena hadi kuchoka. Lakini akifikiria H na J alikuwa hafikirii vita. Alikuwa anafikiria watu wawili.

Halafu neno moja likamgonga kichwani.

"Umesema hata mimi. Nani mwingine?"

"Si yule kijana!" Bi Petersen alishusha sauti, lakini si sana. "Mrefu, ananuka jibini. Alikaa hapo ulipo. 'H kwanza,' ananiambia, 'H ni Hilke, lazima atangulie.' Nikamwambia marufuku, nikamwambia maana yake. Nilidhani atazimia! 'Baba yake akisikia nimeomba hizo atasema nini?' Nikamwambia geuza, weka JH. Akasema, 'Mimi siwezi kujiweka mbele yake.' Alinibishia mpaka foleni ikaanza kuguna! Mwisho nikamchagulia mimi mwenyewe namba fupi ya JH iliyokuwa imebaki. Moja tu. Tisini na sita."

Hilke alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Binti? Nibadilishe au nisibadilishe?"

"Usiguse," Hilke alisema. "Tafadhali, usiguse kitu."

Alipiga simu akiwa bado kwenye korido. Ikalia, ikalia. Haikupokelewa. Akapiga tena. Kimya. Sasa ni zamu yake kujua ladha yake! Akakimbia nje, akawasha pikipiki, na mara ya kwanza tangu aimiliki akaiendesha kama inavyotaka kuendeshwa, hadi soko la chini ya reli huko Eimsbüttel, akaiegesha pasipoegeshwa.

Jannes alikuwa nyuma ya meza, aproni nyeupe, macho mekundu, anamkatia bibi mmoja jibini kwa mikono yote miwili. Alipomwona, kisu kikakwama katikati.

"Simu iko kwenye lori," alisema kwa woga, kama mtoto aliyekutwa na kosa. "Mikono ina mafuta. Hilke, naomba dakika moja tu nikueleze..."

"Nimetoka kwa Bi Petersen."

Jannes alichungulia kibao cha pikipiki nyuma yake.

"Nimeomba HJ," Hilke alisema.

"Wewe?"

"Mimi. Mbele ya foleni nzima. Nimefokewa kama mtoto wa shule."

Jannes alimkodolea macho. Kicheko kikaanza kumtoka, kikageuka kilio, vyote pamoja. Kutoka meza ya maua Jule Heitmann alinyoosha shingo, akaona kibao cha pikipiki, akang'aka, "Ala! Mbona hiyo ni mimi?" Hakuna aliyemsikia.

"Kwa nini hukuniambia hata kwa nguvu, Jannes? Ungenishika, ungepiga kelele!"

"Mbele ya baba yako? Niseme niliomba herufi za Hitler kwa ajili ya binti yake?"

"Nilikufukuza. Nilikudhania mwongo." Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. "Nisamehe. Siwezi bila wewe, nimejaribu, sijaweza. Nioe, Jannes."

Kisu kikaanguka. Jamani, msichana anaposa! Sokoni, mchana kweupe, mbele ya jibini!

"Umesemaje?"

"Umesikia. Nioe."

Jannes alizunguka meza, akagonga ndoo, akafika. Alimshika uso kwa mikono yake ya mafuta.

"Kwa sharti moja," alisema. "Kwenye kadi za harusi majina yaandikwe kwa mpangilio wangu."

"Serikali imekataa mpangilio wako."

"Imekataa kwenye pikipiki," alisema Jannes, akageuka kwa wateja wake wote, kwa sauti ambayo hakuwa nayo siku ile uani. "Hilke na Jannes! Mmesikia? Hilke kwanza!"