Nusu Mzunguko, Upande Wako

"Nati, umetaka kumuua mpwa wangu!"

Mjomba alisimama mbele yangu, kofia ameikunja mkononi. Nyuma yake pikapu ya bluu ilikuwa imekaa mshazari, pua shibiri mbili kutoka ukutani. Jaribio la asubuhi, kabla ya mashindano ya mbio fupi za kunyoosha moja kwa moja, lilidumu sekunde mbili tu. Taa ya kijani iliwaka, matairi ya nyuma yakashika lami, kisha gari zima likavuta upande wa dereva kama mbuzi aliyekata kamba.

"Mjomba, ngoja nikague kwanza."

"Ukague nini? Nilisema springi! Marehemu baba yake alikimbiza gari hili kwa springi miaka yote. Wewe ukaja na mikono yako minne!"

Kweli, mikono minne niliijenga mimi. Ni vyuma vinne, viwili juu na viwili chini, vinavyoishika ekseli ya nyuma isijipinde dereva anapokanyaga mafuta. Zile springi za zamani zilikuwa zinajikunja, zinaachia, gari linaanza kurukaruka na nguvu yote inapotea bure. Nililijua hilo tangu mwanzo. Breki naye alilijua.

Breki ndiye dereva, huyo mpwa mwenyewe. Walimpa jina hilo kwa sababu hajui kuikanyaga. Alikuwa pia mchumba wangu, mpaka ile siku tulipokaa sebuleni kwa Mjomba kuamua gari lifungwe nini. Njiani aliniapia kwamba yuko na mimi. Mjomba alipokohoa tu, mwenzangu akaangalia kapeti.

"Labda... tuanze na springi," akasema.

Nilivua pete palepale, nikaiweka mezani.

"Nati, si gari tu hili?"

"Mimi nataka mume anayejua upande wake. Wewe upande wako huujui!"

Wakafunga springi. Siku ya tatu simu yangu ikaita, ni Breki.

"Nati, linaruka. Ekseli nusura itoke."

"Pole."

"Njoo unifungie mikono minne. Nimeshaongea na Mjomba."

"Ulimwambiaje?"

"Kwamba... fundi mwingine hakuna."

"Nakuja kwa ajili ya gari. Wewe usinizoee."

Siku kumi na moja nilipima, nikakata, nikachomelea. Breki alinishikia vyuma bila kutamka neno moja la mapenzi, na nakiri, hilo liliniuma kuliko cheche. Asubuhi ya mashindano nilikwenda kuandikisha gari, nikamwachia kazi moja tu kwa meseji:

"Fupisha mkono wa juu, upande wako, nusu mzunguko. Basi. Usiguse kingine."

Kazi ndogo, kuzungusha skrubu ya mkono kwa spana, lakini ndiyo roho ya gari. Injini ikivuta kwa nguvu, tairi la nyuma la upande wa dereva hutaka kunyanyuka. Ile nusu mzunguko hulikandamiza chini, matairi yote mawili yasukume sawasawa.

Sasa nikaingia chini ya gari. Kila mkono nilikuwa nimeuchora mstari wa chaki. Upande wa dereva, mstari haujasogea hata kidogo. Upande wa pili umezunguka nusu, tena kwa usahihi wa kusifiwa.

"Breki, hebu njoo. Asubuhi ulilala wapi ukifunga?"

"Pale, penye kivuli."

"Na meseji ilisemaje?"

Akatoa simu. "Upande wako... Si nilikuwa nimelala upande huu? Nikajua ndio wangu."

"Upande wako ni unapokaa, siyo unapolala!"

Akaanza kuisoma meseji upya. Kabla hajamaliza, Mjomba akatokea amebeba jeki. Kumbe zile springi alikuja nazo kwenye buti la gari lake!

"Zimebaki dakika arobaini. Ng'oeni hivyo vyuma. Na huyu binti aondoke hapa."

Ningeweza kujitetea. Sikujitetea. Gari lilikuwa na dawa ya dakika kumi, lakini mimi nilitaka kumsikia mwanaume huyu, leo au basi tena.

Breki akaangalia chini. Kapeti tena!

Halafu akainua kichwa.

"Mjomba, kosa ni langu."

"Usimtetee."

"Simtetei. Soma mwenyewe alichoniandikia. Mimi nimefunga siko. Na siku ile sebuleni nilijua Nati yuko sahihi, nikakuogopa wewe. Springi hazifungwi, Mjomba. Kama huwezi, tafuta dereva mwingine."

Mjomba akaisogeza simu mbali na macho, akasoma polepole. Akakohoa. Safari hii Breki hakuangalia chini.

"Nusu mzunguko tu?" Mjomba akaniuliza.

"Nusu kurudisha huku, nusu kufupisha kule. Dakika kumi, Mjomba."

"Sasa mnasubiri nini? Leteni spana!"

Aliyeshindana nasi alikuja na pikapu nyeusi, bingwa wa misimu mitatu, na alitupungia mkono kwa huruma. Taa ikawaka. Yetu ikakaa chini nyuma, ikainua pua, ikanyooka! Haikuruka, haikuvuta, ilikwenda tu, na ile nyeusi ikabaki kwenye moshi wetu.

"Haliruki!" Mjomba alikuwa amenishika bega, anarukaruka yeye badala ya gari. "Mkwe, haliruki! Limenyooka, mkwe!"

Nikamwacha aendelee kuniita hivyo. Nani anayesahihisha neno kama hilo?

Breki akarudi, akashuka, akaja moja kwa moja mpaka nilipo. Kwenye ufunguo wa gari ilining'inia pete yangu. Akaichomoa, akapiga goti kwenye lami ya moto.

"Nati, nisamehe. Leo nasema mbele ya Mjomba na mbele ya watu wote hawa. Mimi niko upande wako."

"Nimekusikia kabla hujashinda," nikamjibu, na machozi yakanitoka bila aibu. "Hata ungeshindwa ningeivaa. Nivalishe, mkono wa kushoto."

Akaudaka mkono wangu wa kulia.

"Kushoto kwangu, Breki! Siyo kushoto kwako!"

Watu wakaangua kicheko. Mjomba akapaza sauti kuliko wote:

"Mkwe, huyo usimwandikie meseji tena! Mwonyeshe kwa kidole!"

Nikamnyooshea kidole chenyewe, cha pete.