Samaki Ndani ya Buti la Mogesi

Maiti ya Mogesi ilitolewa asubuhi kwenye shimo la dhahabu la Otieno, kule Genkuru. Buti la mpira lilikuwa limebaki kwenye mguu mmoja tu. Walipolivua, akadondoka samaki wa urefu wa kidole.

Daktari alisema marehemu alikufa maji. Shimo lilikuwa limejaa maji ya mvua, na yeye na Otieno waliwahi kugombana mbele ya watu. Basi Otieno akawekwa mahabusu Bomani, na kijijini watu wakaanza kutaja kiberiti na nyumba yake, mkewe Dorka na watoto wakiwa humo humo ndani.

Inspekta Tabitha Oduol hakuridhika. Alikulia jikoni kwa bibi muuza samaki, na yule samaki mdogo wa kwenye buti alimkera. Perege, ambao ndio hupatikana mashimoni, wana miiba mgongoni. Huyu pezi lake la mgongo lilikuwa laini, mdomo uko chini, midomo minene. Alipapasa taya, hakuna jino. Alipopasua koo, meno yalikuwa huko. Ningu! Na ningu hula kwa kusugua mawe penye maji yanayokimbia. Shimoni angefuata nini? Mogesi alifia mtoni, mtu akambeba hadi shimoni.

Akamwita tena shahidi pekee, Kornelio, mvuvi anayetega migono kwenye kijito cha jirani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande."

"Ulimwona Otieno akimsukuma?"

"Kwa macho yangu haya."

"Shimoni?"

"Pale pale."

Inspekta akasogeza sahani. "Ndiyo maana perege wa shimo akaingia kwenye buti."

Kornelio akamtazama samaki, uso ukakunjamana kama mtu aliyetukaniwa kazi yake.

"Perege gani, afande? Si ningu huyu! Tazama mdomo. Huyu maji yaliyolala hayawezi. Mvua ikinyesha anapanda kijito kutaga. Shimoni hawezi..."

Akaisukuma sahani pembeni. Maskini, alikuwa ameshafika mbali.

"Malizia, mzee. Shimoni hawezi nini?"

Kornelio alishika kichwa. Inspekta alimwonea huruma, akaona vibaya kumwonea huruma.

"Mogesi alikuwa anaoshea dhahabu yake pale ningu wanapotagia," akasema mzee. "Zebaki, tope, kila kitu. Nainua mgono, wote wamekufa. Nikamsihi, akanicheka. Nikamwambia, kama maji ni mazuri, yanywe. Nikamkandamiza kichwa. Hasira, afande. Sikujua alinyamaza saa ngapi. Punda wangu akambeba."

"Mpaka kwa Otieno."

"Shimo lake ndilo lililokuwa karibu."

"Watu wa kijijini wangemchomea nyumba, mzee. Watoto wamo ndani. Otieno alikukosea nini?"

Kornelio alifikiri kweli kweli, kisha akatikisa kichwa.

"Hakuna. Otieno hata sikumfikiria."

"Ndivyo," akasema Inspekta taratibu, akichukua pingu. "Hata Mogesi hakukufikiria wewe."