Fundo la Uzi wa Kijani

Kila siku akitoka shule, Kibiriti alipitia karakana ya mikoba alikoshona shangazi yake. Aliokota mabaki ya nyuzi chini ya cherehani huku mafundi wakimtania kwamba jina hilo lilimfaa, maana ulimi wake uliwaka hata bila kukwaruzwa. Mama yake naye alishona pale hadi alipofariki mwaka uliopita. Cherehani yake ilibaki karibu na dirisha, imefunikwa kitambaa.

Pale karakana kila fundi alikuwa na rangi yake. Akimaliza mkoba, alifunga fundo dogo la uzi ndani ya mshono wa mfuko, ili ukifumuka ajulikane wa kuurekebisha. Shangazi alikuwa na njano. Mama alikuwa na kijani.

Jioni moja msimamizi alimwita Kibiriti stoo. Mikoba mipya ilirundikwa hadi darini, ikinuka plastiki.

"Imetoka wapi hii?"

"Mbali, imekuja kwa meli. Oda ya nchi jirani imetuzidi nguvu. Wewe funga fundo tu kwenye kila mmoja. Tumia kijani, kimekaa bure."

"Shangazi anajua?"

"Shangazi yako amechoka. Unataka kumsaidia au kumsumbua?"

Kibiriti akaupokea uzi wa mama. Tangu msiba hakuna aliyemruhusu kuugusa. Alifunga fundo baada ya fundo, moyo umemjaa, kana kwamba mama ameketi kando yake akimwongoza mkono. Hakuuliza tena.

Lori likaondoka. Siku chache baadaye likarudi, limejaa vilevile. Nyuma yake lilikuja gari dogo, akashuka mwanamke, mnunuzi wa oda ile, kutoka upande wa pili wa mpaka. Hakumsalimu mtu. Alipindua mfuko wa mkoba mmoja, akauinua juu.

"Fundi wa kijani nilikuja kumzika mimi mwenyewe," alisema. "Nilitia udongo kaburini kwa mkono huu. Leo amefufuka kunishonea mikoba?"

Mafundi wakaacha kushona, wakasogea. Shangazi akauchukua mkoba, akalitazama fundo. Msimamizi akatazama sakafu. Kibiriti akapita katikati ya mafundi.

"Ni mimi," alisema. "Nilifunga mimi. Niliambiwa, lakini nilijua mikoba hii haikushonwa hapa."

"Nani alikwambia?" aliuliza mwenye karakana, aliyekuwa ametoka ofisini kumpokea mnunuzi. Kibiriti akamtazama msimamizi. Mwenye karakana akakaa juu ya robota la vitambaa. "Nilisema oda itimie. Sikuuliza itatimiaje."

"Nchi zetu zimekubaliana," alisema mnunuzi. "Kilichotengenezwa kwenu au kwetu kinapita mpakani bila ushuru. Mafundi wa kwetu walinung'unika kwamba nanunua huku, nikawaambia hawa ni wenzenu, wanashona kama ninyi. Sasa nikawaambie nini?"

"Ungetuuliza sisi tunaoshona," shangazi alimwambia mwenye karakana, "tungekwambia tunaweza nusu."

"Nusu ya kweli nitaichukua," alisema mnunuzi.

Wakakaa wote palepale, mwenye karakana, mnunuzi na mafundi, wakakubaliana. Mikoba ya meli itauzwa kama bidhaa ya nje, bila fundo. Na tangu siku hiyo hakuna oda itakayopokelewa bila fundi mmoja kuwepo. Msimamizi aliondolewa stoo.

Jioni Kibiriti na shangazi walikaa wakifumua mafundo ya kijani.

"Shangazi, umenikasirikia?"

"Nimeshtuka, mwanangu. Mama yako akifunga fundo hili alikuwa anasema: nimeshona mimi, nikikosea nitafuteni. Wewe umemsemesha uongo, naye hayupo wa kujitetea. Kule mpakani hawazijui sura zetu, wanaijua kazi yetu. Akidanganya mmoja, tunaonekana waongo sote. Siku nyingine ukiambiwa usiniulize, hiyo ndiyo siku ya kuniuliza."

Kibiriti akafuta machozi. "Nami nikijua kushona, nitapewa kijani?"

Shangazi aliukunja uzi taratibu, akaurudisha chini ya kile kitambaa kilichofunika cherehani ya mama.

"Kijani kina mwenyewe," alisema. "Shona kwanza mkoba wako. Tutakutafutia rangi."